Moto wa Kuazima

Walimleta Yoramu kutoka porini amelala juu ya machela ya miti, uso umevimba mpaka macho yamepotea, na kabla mtu yeyote hajauliza kama anapumua, Mzee Masolwa aliuliza, "Mke wake yuko wapi?"

Jamani, watu wa Ipole! Kijana anakoroma kwa shida, mama yake Amne anapiga mayowe uwanjani, baba yake Silasi anakimbia huku na huku bila kujua anakimbilia nini, nanyi mnamtafuta mke. Lakini ndivyo ilivyokuwa desturi ya warina asali wa enzi zile za Mwingereza. Mwanamume akienda dago, yaani kule kambini porini kwenye mizinga, mkewe hubaki akilinda nyumba. Nyuki wana pua, wazee walisema. Wakinusa kwamba kati ya hao wawili yuko aliyetoka nje ya ndoa, watamshukia mwanamume mpaka ajute kuzaliwa. Na kwa kuwa mwanamume huyo yuko dago, mbele ya macho ya wenzake, kosa lilijulikana litafutwe wapi. Alikuwa wapi kabla ya kufika dago, hilo aliulizwa mara moja tu, na jibu lake mwenyewe likatosha.

Mimi ukiniuliza nitasema nyuki walichukia yale mafuta ya nywele aliyojipaka Yoramu, ya duka la Mhindi kule Tabora, yananukia kama chumba cha bibi harusi. Nyuki gani atavumilia harufu ile? Lakini mimi nani aniulize.

Leonia alitoka jikoni na unga mikononi. Alikuwa mgeni pale. Walifunga ndoa kanisani baada ya Pasaka, akaletwa kutoka Tura, kule stesheni, njia ya reli ya kwenda Dodoma. Kwao walilima mtama na karanga. Asali walinunua. Alipoiona machela akaruka kuikimbilia, Mzee Masolwa akamzuia kwa fimbo. Mzee huyu alikuwa kaka yake Silasi na ndiye mkuu wa dago.

"Simama hapo hapo, binti. Nijibu kwanza. Moto wa nyumba hii umekaaje tangu mumeo aondoke?"

Leonia alitaka kupita tu amwone mumewe. Akajibu kama alivyofundishwa tangu mdogo, ukweli mtupu. "Ulizimika, baba mkubwa."

Watu wakageukiana. Hata Amne akakata mayowe katikati.

"Ulizimika?"

"Ndiyo, siku moja tu. Nilichelewa kwaya, nikarudi nikakuta majivu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaazima kwa Modest."

Modest alikuwa seremala, jirani yao, kijana wa kutoka Tabora ambaye hajaoa. Hapo Amne akakaa chini kwenye vumbi kama aliyekatwa miguu. Mtoto yeyote wa Ipole angejua ni kwa nini. Kwa warina asali, moto wa nyumba si ule wa mafigani. Ni uaminifu wa mke na mume, ila wazee wanaona haya kuutaja kwa jina lake mbele ya watoto. Kuzimika ndiko huko unakokufikiri. Na kuazima kwa jirani, ala, hapo hata tafsiri haihitajiki. Kule Tura moto ni moto, na jirani hanyimwi. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na cha Leonia kiliponzwa na ukweli.

"Mmemsikia kwa masikio yenu," Mzee Masolwa akasema. "Mwingizeni kijana ndani. Huyu asimguse."

Yoramu alisikia kila neno. Macho yalikuwa yamezibwa na uvimbe, masikio hayakuzibwa. Na jambo la kwanza lililompata moyoni, simsingizii, lilikuwa nafuu. Alikuwa amelala pale akingoja aulizwe yeye, na kumbe keshapatikana mtu. Halafu akaionea haya nafuu ile, akageuzia uso upande wasikokuwa watu.

*

Ikawa kama msiba usio na maiti. Amne alimwuguza mwanawe peke yake, akimtoa miiba kwa ncha ya kisu, akimpaka maji ya majani. Leonia akisogea mlangoni anaambiwa, "Rudi jikoni. Utamwongezea sumu."

Alipika, chakula hakikuliwa. Amne alikipokea, akapita nacho mbele ya macho yake, akakimwaga kwa kuku, akaenda kupika kingine kwenye mafiga yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Kisimani wanawake walisogeza mitungi yao mbali na wake. Jumapili waimbaji wenzake walikaa wakajitandaza benchi lote, nafasi ikakosekana, akaimba kutoka nyuma kabisa karibu na mlango, peke yake, sauti yake ikisikika vizuri sana.

Na kibaya zaidi, maskini, yeye alidhani anajua kosa lake. Alidhani ni uvivu. Alidhani katika ukoo huu mke anayeacha moto uzimike ni mke mchafu asiye na mpango. Basi akawa anaomba radhi kutwa nzima.

"Mama, nisamehe," alimwambia Amne akiwa amepiga magoti. "Haitatokea tena. Siku ile nilikuwa nimechoka tu."

"Umechoka!" Amne akashika kiuno. "Na kuchoka ndiyo sababu?"

"Si sababu, mama. Lakini hata kwetu hutokea. Mama yangu naye mara nyingi alikuwa akiazima."

"Mama yako!"

"Kwa majirani wote. Hakuna aliyemnyima."

Amne akajifunika kanga usoni akaondoka bila kuaga. Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba wameoa ukoo, si msichana.

Silasi alikuwa mtu mpole, asiye na maneno. Akaona afadhali amwendee mwanamume mwenziwe. Alimkuta Modest akiranda ubao.

"Kijana, nataka neno moja. Ulimpa Leonia moto?"

"Shikamoo, mzee. Ndiyo, nilimpa."

"Unasema hivyo bila haya?"

"Haya ya nini, mzee?" Modest akashangaa. "Hata leo akija nitampa. Na mama akitaka nitampa pia."

Silasi aliinua mkono ampige, mkono ukakataa. Alirudi nyumbani. Kesho yake akatuma ujumbe Tura, kwa mkwe wake Mzee Lugembe, kwamba aje amchukue binti yake.

*

Uvimbe uliposhuka na macho kufunguka, Yoramu alikaa akitazama dari ya nyasi. Amne alisema mwanawe anahuzunika kwa ajili ya mke. Kweli alihuzunika, lakini si kwa namna ile.

Alikuwa kibarua wa reli Tabora, akirudi Ipole likizoni tu msimu wa asali, na mjini alilala chumba kimoja na rafiki yake Eustace. Eustace ndiye aliyemfungulia njia za Ng'ambo, ule mtaa wa vilabu vya dansi na wanzuki, pombe ya asali. Mwanzoni Yoramu alirudi asubuhi anacheka, anajiona mwanamume. Ilikuwa kabla ya ndoa, na wenzake walimpigia makofi. Halafu vicheko vikakauka, kwenda akaendelea. Hakuwa na mapenzi na yeyote kule, hata tamaa ilikuwa imepungua. Alikwenda kwa sababu chumba kilikuwa kimya mno, na kila akirudi kimya kinakuwa kimeongezeka. Alipooa alijiambia basi, yamekwisha. Hayakwisha. Akikaa na Leonia likizoni, akimwona anavyomtazama kwa macho ya kumwamini, alihisi kwamba anayetazamwa ni mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Siku moja sokoni Tabora, mwanamke mmoja mwuza dagaa alimwita, "Yoramu! Hata salamu?" Yoramu akamtazama. Akatafuta kichwani, hakumpata. Mwanamke akaona kwamba anatafutwa na hapatikani. Akavuta kanga mpaka mdomoni, akasema, "Samahani, nimekufananisha." Amemfananisha, na huku amemwita kwa jina lake! Yoramu alitembea mpaka mwisho wa soko, akasimama akitazama ukuta, anaumwa asijue anaumwa nini.

Na sasa, kitandani, jambo lililomtisha zaidi ni hili: aliposikia habari ya Modest, aliamini papo hapo. Hakujiuliza hata kidogo. Mtu aliyezoea kuazima huona dunia nzima inaazima.

Alasiri moja Amne alikwenda kuchimba mizizi. Leonia akaingia na bakuli la uji, akakaa ukingoni mwa kitanda. Walikuwa hawajasemezana tangu machela.

"Leonia."

"Abee."

"Na Modest, ilikuwa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ulikwenda wewe au alikuja yeye?"

"Nilikwenda mimi. Nilichukua kigae, akanipa makaa mawili, nikarudi napuliza njia nzima. Hata kidole niliungua, tazama." Akamwonyesha. "Lakini kwa nini nyinyi nyote mnaniuliza habari za moto? Baba mkubwa, mama, sasa na wewe. Ni mwiko wa kwenu? Niambieni basi, nijue, nisirudie."

Yoramu alitazama kidole kile kilichoungua. Akaelewa yote kwa mara moja.

Ilibidi amwambie. Alimwambia kwa sauti ndogo, neno kwa neno, moto maana yake nini, kuzimika maana yake nini. Leonia aliliweka bakuli chini polepole.

"Kwa hiyo nilisema mbele ya watu wote..."

"Ndiyo."

"Na mama nikamwambia mama yangu mimi..." Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Akakaa hivyo. Halafu akauliza, "Na wewe? Uliamini?"

"Niliamini."

"Kwa nini, Yoramu? Nimekukosea nini mpaka uamini?"

Yoramu aliinama akaokota bakuli. Leonia akasimama. "Basi waambie. Wewe ni wa kwao, watakusikia. Waambie ni makaa."

"Nitawaambia."

Na kweli alimwambia mama yake siku hiyo hiyo. Amne alisikiliza mpaka mwisho huku akimkanda shingo.

"Sawa," akasema. "Ni makaa. Na nyuki je? Nyuki hawaumi bure, mwanangu. Nyuki walikuuma nusura ufe. Kama si moto wake yeye uliozimika, ni wa nani?"

Yoramu akageukia ukutani.

"Unaona?" Amne akasema kwa huruma. "Amekuzuga ili umtetee. Lala."

Akalala, ila usingizi hakuupata. Leonia aliyekuwa nje ya dirisha akingoja kusikia anatetewa, alisikia jinsi mumewe alivyonyamaza.

*

Mzee Lugembe alifika kwa treni mpaka Tabora, kutoka hapo kwa lori, amevaa koti lake la kanisani. Mtu mzima, mkwe, na hakuna aliyempokea mzigo. Alipewa kinu kilichopinduliwa akalie badala ya kiti, na maji ya kunywa yalisahauliwa mpaka Leonia mwenyewe alipomletea, akapiga magoti, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu," akasema, akayanywa yote.

Walikaa uwanjani mchana. Mzee Masolwa alieleza kesi tangu mwanzo, na alieleza vizuri, kwa maana aliipenda.

"Baba, ni makaa," Leonia akasema. "Nilidhani wananiuliza moto wa jikoni."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akacheka kabisa. "Leo ndiyo imekuwa makaa!"

"Hata Modest amekiri," Silasi akasema akitazama chini.

Lugembe aliwatazama mmoja mmoja. Alimjua binti yake. Lakini alikuwa peke yake, ugenini, juu ya kinu, na alijua kwamba baraza ikishacheka, maneno hayana kazi tena. Binti aliyerudishwa kwa jina lile haolewi, haimbi, haitwi kwenye harusi za watu. Anazeeka nyuma ya nyumba ya baba yake. Alijua hayo yote, akavuta pumzi.

"Funga mzigo wako, mama," alimwambia Leonia kwa upole. "Twende nyumbani."

Ndipo Yoramu alipotoka. Alitoka ameshika ukuta, shati halijafungwa vifungo, jicho moja bado dogo kuliko jingine. Amne akakimbia kumshika, Yoramu akamwondoa mkono taratibu.

"Baba mkubwa," akasema, "tulipofika dago ulituuliza kila mtu moto wake. Na mimi uliniuliza."

"Nilikuuliza," Masolwa akasema. "Ukajibu unawaka."

"Niliongopa."

Kuku waliendelea kudonoa.

"Moto wangu ulizimika Tabora, siku nyingi. Nimeazima Ng'ambo, nyumba hii na nyumba ile, kabla ya ndoa na baada ya ndoa. Hata usiku wa kuamkia safari ya kuja huku niliazima. Kama ni nyuki, waliniuma mimi kwa ajili yangu. Mke wangu alichukua makaa mawili kwa jirani, akaunguza kidole. Kwisha."

"Ni homa!" Amne akapiga kelele. "Homa inamsemesha! Mwanangu, rudi ndani."

"Ni homa kweli," Mzee Masolwa akadakia haraka, na wazee wawili watatu wakatikisa vichwa, naam, sumu ya nyuki hupanda kichwani. Walimfungulia mlango mpana kabisa, apite tu. Angenyamaza pale, angelala kitandani, na dunia ingeendelea.

"Sina homa, mama," Yoramu akasema. "Nishike paji la uso. Sina."

Amne hakumshika. Silasi alijifunika uso kwa kofia yake.

Leonia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alisogea mpaka mbele ya mumewe. Watu walidhani atampiga kofi, na wengine, nawajua, walitamani.

"Nani?" akauliza. "Majina yao."

"Sijui."

"Hata mmoja?"

"Mmoja. Mwanamkuu. Yeye alinijua, mimi sikumjua, nikaona aibu nikaenda kuulizia jina. Nilipolijua sikuweza kwenda kwake tena."

"Kwa nini?"

"Alishakuwa mtu."

Alisema hivyo, kisha akaanza kulia, kijana mzima mbele ya baba yake na wakwe zake, kilio cha sauti kama cha mtoto aliyepotea mnadani. Alikuwa hajalia tangu aanze kwenda Ng'ambo, wala hakuwa amejua kwamba kulia ndiko alikokuwa anakutafuta kwenye milango ile yote. Leonia naye akalia, wakasimama hivyo hatua mbili mbali, kila mtu na machozi yake.

Mzee Lugembe akainuka juu ya kinu. Silasi naye akainuka, maana alijua sasa ni zamu yake kutukanwa, na alikuwa tayari. Lugembe alimpita. Akaenda kwa Yoramu, akauchukua mkono wake ule ulioumwa na nyuki, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, baba," akasema.

"Unamshukuru?" Masolwa akauliza, haamini.

"Namshukuru sana. Nilikuja hapa nimeshamzika binti yangu, ananirudishia mzima. Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Babu yangu alikuwa mpagazi, amebeba pembe njia ile ya zamani kutoka Tabora mpaka pwani, na kila kambi alikuwa na mwanamke wa usiku mmoja. Tulipokuwa wadogo tuliona ni sifa. Alizeeka hazungumzi na mtu. Ukimwuliza, 'Babu, una nini?' anasema, 'Nimechoka njia.' Hakusema, akafa nayo. Huyu amesema. Mimi nimekasirika naye, nitakasirika mpaka Tura na baada ya Tura. Lakini kushukuru nashukuru."

Mungu ambariki mzee yule popote alipo. Kuna watu wakipewa haki yao huitumia kumpiga aliyewapa. Yeye alisema ahsante kwanza.

Amne alimwendea Leonia akapiga magoti kwenye vumbi, mkwe mbele ya mke wa mwanawe, jambo ambalo Ipole halikuwa limeonekana. Alitaka kusema neno, likawa kwikwi tupu. Leonia akamshika mabega.

"Simama, mama. Nimekusikia."

"Utabaki, mwanangu?"

"Nakwenda na baba. Lakini nakwenda mwenyewe, sifukuzwi. Mwambie kila mtu kisimani hivyo."

"Nitasema. Nitasema mpaka wachoke."

Na alisema, tena kwa sauti. Alikwenda pia kwa Modest kumwomba radhi, kijana akajipangusa maranda mikononi kwa aibu, akasema, "Mimi nilidhani mmechukia makaa yangu, mama." Mzee Masolwa peke yake hakumwomba radhi mtu. Ila mwaka uliofuata, dago, aliwauliza wanaume mara mbili mbili, na wake wa nyumbani hakuwauliza kabisa.

*

Yoramu alirudi Tabora kazini. Ile wiki ya kwanza Eustace alimvuta shati, "Twende bwana, unakaa kama mtawa," akamcheka, akachoka kumcheka. Chumba kilikuwa kimya kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa alikaa nacho. Mwanzoni ilikuwa taabu, asikufiche mtu. Alikuwa akikaa juu ya kitanda jioni mikono imelegea, mambo yote yanamrudia, nyuso zisizo na majina zinapita. Wakati mwingine alilia, wakati mwingine alipika tu. Pole pole akaanza kusikia njaa tena, na kusikia nyimbo za watu wakiimba barabarani, na siku moja akajikuta anamcheka Eustace kwa kitu cha kweli cha kuchekesha.

Alimtafuta Mwanamkuu sokoni. Alimsalimu kwa jina lake, akamwomba radhi kwa ile siku. Mwanamkuu akakung'uta kopo lake la kupimia.

"Dagaa unanunua?" akauliza.

"Nanunua."

"Basi yamekwisha." Akampimia, akamwongezea konzi moja juu. Yoramu alikwenda nazo nyumbani akiwa amezishika kama zawadi, na zilikuwa zawadi.

Mwezi ule baridi ilipokatika, akaomba ruhusa, akapanda treni ya kwenda Tura.

Hakuna aliyempokea stesheni, wala hakutarajia. Alitembea mpaka nyumbani kwa Mzee Lugembe, akasimama nje ya ua, akabisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Lugembe alikuwa anamenya karanga, hakuacha. "Umekula?"

"Bado, baba."

"Ngoja mwenye jiko. Bado nimekukasirikia, ujue."

"Najua, baba."

"Haya. Kaa." Akamsukumia kiti, kiti kizuri chenye mgongo, akaendelea na karanga zake. Yoramu akakaa. Alikumbuka kile kinu cha Ipole.

Leonia alirudi kutoka shamba na jembe begani. Alikuwa amenenepa kidogo, ngozi inang'aa. Alipomwona mumewe hakushtuka wala hakutabasamu. Alitua jembe, akanawa mikono, akanawa uso, akajifuta kwa kanga, yote kwa utaratibu wake. Ndipo akaja akasimama mbele yake.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

Yoramu alikuwa amejiandaa maneno tangu Tabora, njia nzima kwenye behewa, na sasa yalikuwa yametawanyika. "Kule Ng'ambo," akasema, "walinipokea kwa sababu hawanijui. Kila mahali nilipokelewa hivyo. Wewe unanijua. Unajua yote, mbele ya watu wote umeyasikia. Na bado umenawa uso ukaja kunisalimu."

"Sijakusalimu bado."

"Kweli. Hujanisalimu."

Mzee Lugembe alikohoa, akabeba ungo wake akahamia nyuma ya nyumba, na karanga hazijaisha. Leonia alimtazama mumewe, lile jicho lililopona, yale makovu madogo ya miiba kwenye paji la uso. Hakuwa ameamua kitu. Tangu aondoke Ipole alikuwa akijiambia kwamba siku akija atajua, na sasa amekuja, na alichojua ni kwamba moyo wake haujafungwa. Alimshukuru Mungu kwa hilo kimya kimya, maana aliogopa kwamba ungekuwa umefungwa.

"Hujambo?" akamwuliza.

Jibu lake kila mtoto analijua. Watu hulitoa wakiwa wagonjwa, hulitoa wakiwa msibani. Yoramu mwenyewe alikuwa amelitoa kila siku kwa miaka. Akafungua kinywa alitoe, likagoma.

"Bado," akasema. "Bado kidogo."

"Afadhali," Leonia akasema. Akamwinulia pazia la mlango. "Pita ndani, ule."